Pipa Nililomnyang'anya Meneja

Vijana wa karakana, siku mliponiaga mliniomba niwaandikie namna ya kuitambua mota iliyoungua kwa kuinusa tu, maana mlisikia kwamba mimi na fundi wangu tulikuwa mabingwa wa jambo hilo. Nitaandika. Ila mjue mapema kwamba pua mnayoisifu haifanyi kazi tena. Wiki iliyopita maharage yaliungua jikoni mwangu nami nimekaa hatua tatu kutoka mekoni nikisuka mkeka, mpaka jirani akaja mbio na ndoo ya maji. Pua hiyo ilikwenda wapi ni habari ndefu kidogo, na haisimuliki bila kumtaja Fundi Mrisho na pipa.

Nilifika pale karakanani mwaka wa nne baada ya Uhuru, msichana wa Itetemia mwenye gauni la Jumapili na barua ya mchungaji. Kazi ilikuwa ile ile mnayoifanya leo: mota, dinamo na feni zilizoungua zinaletwa, nyaya za zamani zinatolewa, chuma kinaoshwa, nyaya mpya zinasukwa, kisha zinachovywa kwenye vanishi na kuokwa tanurini. Wote walidhani nimekuja kufagia. Mrisho, fundi mkuu, Mzaramo wa Kisarawe, mtu mwembamba mwenye kalamu mbili sikioni, hakutazama barua. Alinitazama vidole.

"Unajua kusuka?"

"Shikamoo. Mikeka na nywele."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Itetemia. Sisi Wanyamwezi."

Akaweka bisibisi mezani polepole. "Mungu si Athumani," akasema. "Mtani wangu kaja kwa miguu yake mwenyewe."

Kwa wale mliozaliwa juzi: wazee wetu walibeba mizigo kichwani kutoka Unyanyembe, huku kwetu Tabora, hadi pwani, na huko walipokelewa na Wazaramo. Njiani walipita Ugogo wakiwa na kiu, na Wagogo waliwatoza hongo kwenye kila kisima. Kutokana na safari hizo tukapata watani wa pande zote mbili. Mtani unamtukana, naye anakutukana, na ni mwiko kukasirika. Mtani anaweza kuchukua kitu chako huku unamwangalia, na usimwite mwizi. Shikilieni hilo, litatufaa mbele.

Somo la kwanza lilikuwa la pua. Mrisho alinishika kisogo akanisogeza kwenye tumbo la mota. Harufu ya sukari iliyoungua, mota imebebeshwa mzigo kuliko nguvu zake. Harufu ya karatasi iliyoungua, unyevu umeingia. Harufu ya nywele zilizoungua, aliyeingia ni panya, na mwenye mota usimwambie mpaka amalize chai. "Pua ndiyo mita ya kwanza," alikuwa akisema. "Ile ya sindano inakuja kuthibitisha tu."

Somo la pili lilikuwa la mianzi. Nyaya zikishalala kwenye mifereji ya chuma, unazifungia kwa kabari za mwanzi mkavu, na kabari hizo tulizichonga wenyewe kwa kipande cha chupa. La tatu lilikuwa la ubapa wa msumeno wa chuma. Tulikuwa na sumaku ya kupimia iliyonguruma, tukaiita Simba. Unaiweka dinamo juu ya Simba, unapitisha ubapa juu yake taratibu, na pale penye shoti ubapa unatetemeka mkononi. Mrisho aliweza kuhisi mtetemo ambao sisi wengine hatukuuona wala kuusikia. Tulisema ana umeme wake mwenyewe.

Makosa nilifanya, na moja nitalitaja ili msije mkalisikia kwa wengine limeongezwa chumvi. Nilifunga feni kubwa ya ghala la tumbaku, nikazipishanisha nyaya mbili. Feni ikazunguka kinyumenyume. Badala ya kuvuta vumbi la tumbaku kulitoa nje, ikalirudisha lote ndani, siku ambayo wageni kutoka Dar es Salaam walikuja kukagua ghala kwa mashati meupe. Walipiga chafya mpaka wakasahau walichojia. Mrisho alinitetea kwa wenye ghala, kisha akaniita Feni miezi sita mfululizo.

Sasa chumba cha nyuma. Humo ndimo tulimooshea na kuchovya vanishi, na humo ndimo lilimokaa pipa. Ndani yake mlikuwa na dawa nyepesi kama maji, yenye harufu tamu ya peremende. Grisi ikiiona dawa ile inakimbia yenyewe. Tulioshea mota, tulioshea mikono, tulitolea madoa kwenye nguo za harusi. Maandishi ya pipani yalikuwa ya kigeni, na yalikuwa yamefutika. Mnajua vumbi letu kuanzia Juni mpaka mvua za kwanza. Likitua juu ya vanishi mbichi, kazi inakwaruza kama ulimi wa paka. Basi madirisha yote mawili ya chumba kile tuliyapigilia misumari. Tulijivunia misumari ile, mteja akija tunamwonyesha. Ukikaa humo saa moja kichwa kinakuwa chepesi, na hata mwenye sauti mbaya anaanza kuimba. Mimi niliimba sana.

Baada ya Azimio la Arusha karakana ikawa ya ushirika, tukaletewa meneja, Bwana Chilongola, Mgogo, mtu wa suti za kaunda zilizopigwa pasi mpaka zikasimama zenyewe. Mtani wangu wa pili. Ofisi yake ilitenganishwa na chumba cha kuoshea kwa ukuta wa mbao usiofika darini. Kila alasiri alijifunga leso kichwani, akisema jua la Tabora halina adabu. Alikuwa mkali lakini mwenye haki, na alituletea kazi nyingi, maana vijiji vilikuwa vinaanzishwa na kila kijiji kilitaka pampu yake na mashine yake ya kusaga. Leo dinamo ya Kigwa, kesho pampu ya Tura. Kazi iliongezeka maradufu, na dawa nayo maradufu. Mrisho, ambaye hakumwamini mtu mwingine kuosha chuma chake, alishinda chumba cha nyuma tangu asubuhi.

Alianza kwa kuumwa kichwa. Kisha akasema zile taa ndefu za darini zinamchoma macho, akawa anazizima na kuhamishia kazi yake dirishani, upande wa mbele. Baadaye akaja na jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Alisema Simba akiwashwa, siafu wanamtembea mikononi, na akikaa karibu na meza ya kupimia moyo unamwenda mbio na usingizi usiku haumjii.

"Umeme unanikataa," alisema.

Hebu fikirini. Nchi nzima inalilia umeme, na fundi wa umeme anasema umeme unamkataa. Kwetu sisi hiyo haikuwa habari ya ugonjwa, ilikuwa zawadi. Mtani akilalamika, ndiyo kwanza anakupa mpira upige. Nami niliupiga. Nilimwambia Wazaramo wamezoea koroboi, umeme unawatambua wageni. Naye hakukubali kushindwa, akajibu kwamba umeme hauwezi kumkubali akiwa amekaa na Mnyamwezi anayenuka ugali wa mtama. Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Kadiri alivyozidi kuumwa ndivyo alivyozidi kuwa na majibu mazuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa akiyaficha ndani ya vicheko vyetu, sisi tukimsaidia kuyafunika. Karibu mwaka mzima. Nikikumbuka naona haya, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa mafumbo.

Asubuhi moja nilimkuta amekaa kwenye ngazi, nje, mikono amebana makwapani. Nikamwambia, "Mzaramo, umeme umekuchoka. Rudi kwenu ukaangue nazi, mnazi hauna nyaya."

Hakunijibu. Nikasubiri. Niliufunga mkoba wangu, nikaufungua, nikamtazama tena. Alikuwa akitazama chini, na machozi yakimlengalenga. Tangu nimjue hakuwahi kuacha tusi la mtani lipite bila jibu. Hapo ndipo nilipojua kwamba Fundi Mrisho ni mgonjwa kweli.

"Wameniitia kamati," akasema baadaye. "Meneja anasema nakataa meza ya kupimia. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wananijadili. Yunis, miaka yote hii nimeshika nyaya, leo naitwa kupe."

Ninyi neno hilo mnalisikia kama utani. Siku zile kupe alikuwa mtu anayenyonya jasho la wenzake, na aliyeitwa hivyo na kamati alipoteza kazi, na jina lake halikusafishika tena mjini. Angerudi Kisarawe na mke wake, Bi Zuhura, bila kazi na bila heshima.

Nikampeleka hospitali siku hiyo hiyo. Daktari alikuwa kijana, mpole, anayeuliza maswali mengi kuliko anayojibu. Alitaka kujua tunaoshea nini. Nilikuwa nimebeba kidogo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Akaifungua, akanusa mara moja, akaifunga, akaenda kufungua dirisha.

"Mnafanya kazi na hii madirisha yakiwa wazi?"

Nikamweleza habari za misumari. Nilipofika katikati nilianza kusikia maneno yangu mwenyewe, nikapunguza sauti.

Alisema kwamba mvuke wa dawa za namna ile unajulikana kuumiza kichwa na kuchezea mishipa ya fahamu. Kuhusu umeme, hakuwa na ugonjwa huo kwenye vitabu vyake. Akatupa kazi ya nyumbani: tumfunge macho, tuwashe na kuzima, tuone kama anaweza kutambua.

Jumapili mchana karakana ilikuwa tupu. Nilimfunga macho kwa kitenge changu, nikamziba masikio kwa pamba, nikamkalisha karibu na koili kubwa isiyonguruma. Nikawasha, nikazima, nikaacha, nikawasha mara mbili mfululizo, na kila mara nilimgusa bega aseme. Alijitahidi, jasho likamtoka. Alipatia mara kadhaa na kukosa mara kadhaa, sawa na mtu anayerusha sarafu. Nilipomfungua kitenge aliona usoni mwangu.

"Basi mimi mwongo," akasema. "Kamati wana haki."

Tuliporudi kwa daktari hakutaka hata kukaa. Daktari alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mzee, umeibiwa kweli. Usingizi umeibiwa, nguvu umeibiwa. Huenda tu umemtaja mwizi siye."

"Na siafu je? Siafu ninawahisi."

"Nakuamini. Wapo wanaodhani kwamba mwili uliochoshwa na dawa kali huanza kukataa na vitu vingine: mwanga, kelele, harufu, pengine na umeme. Huenda wezi ni wawili, mmoja kamfungulia mwenzake mlango. Huenda ni mmoja tu. Mimi sijui, na anayekwambia anajua, muulize amejulia wapi. Lakini yule wa kwenye chupa nimemnusa. Kaa mbali naye mwezi mzima, kisha uje."

Akaandika barua. Nilimpelekea Bwana Chilongola nikiamini mambo yamekwisha. Aliisoma mara mbili, leso kichwani.

"Dada Yunis, hapa pameandikwa huenda. Mara tatu."

"Ndiyo, meneja."

"Siwezi kusimamisha kuosha kwa sababu ya huenda. Tura wanangoja pampu. Na nikifungua madirisha, vumbi litaingia kwenye vanishi. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia."

Ni kweli, nilimwambia mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa ndiye fundi cherehani wa nguo hiyo.

Usiku sikufanya lolote la kishujaa, nililala. Asubuhi, wakati wote tumekusanyika uani kugawiwa kazi, nikaingia chumba cha nyuma, nikalilaza lile pipa, nikalitoa nje likibingirika mpaka mbele ya meneja. Nikaweka mguu juu yake.

"Mgogo," nikasema, wala sikumwita meneja. "Babu yangu alipita kwenu na mzigo kichwani, na babu yako alimtoza hongo kwa maji ya kisima. Hilo deni hamjawahi kulilipa. Leo nachukua pipa hili."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko. Meneja akanitazama, akalitazama pipa, akawatazama watu. Angesema ni mali ya ushirika, angeonekana anakasirikia utani, na Mgogo anayemkasirikia Mnyamwezi angechekwa kuanzia pale mpaka Dodoma. Alijua hivyo, na alijua kwamba najua.

"Babu yako alikunywa maji ya watu," akasema hatimaye. "Na alikunywa mengi. Utalirudisha lini?"

"Kamati ikishakaa."

"Na mota utaoshea mate?"

"Nitaoshea sabuni."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka bila kutaka. Nikalisukuma pipa mpaka kibanda cha mwisho uani, penye upepo, nikafunga kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga yangu.

Hapa andikeni, maana ndiyo kazi. Tuling'oa misumari. Tulitundika magunia mabichi kwenye madirisha ili vumbi linase humo. Tuliosha vyuma kwa maji ya moto, sabuni ya kufulia na brashi ya katani, kisha tukavikausha tanurini muda mrefu kuliko kawaida kabla ya kugusa vanishi. Ilichosha mikono. Pampu ya Tura ilitoka na vanishi yenye punje za vumbi kama kashata, lakini ilivuta maji, na Tura hawakuniandikia kuulizia urembo wake. Mrisho alikatazwa kabisa chumba cha nyuma. Alikaa dirishani akichonga kabari za mwanzi, nyingi kuliko tulizozihitaji.

Wiki ya kwanza haikuonyesha kitu. Wiki ya pili Bi Zuhura alinisimamisha sokoni akaniambia mume wake amelala usiku kucha na amekoroma mpaka amemkera, na alisema hivyo huku akifuta machozi. Wiki ya tatu Mrisho alipitisha ubapa juu ya Simba, dakika chache, akaondoka akisugua mikono. Siafu walikuwepo, alisema, lakini wachache. Mimi nami nilikuwa nimeacha kuimba kazini, na sikuwa nimegundua.

Jumamosi ya kamati ilifika. Tulikaa kwenye mabenchi alasiri, Mrisho mbele, kofia magotini. Bwana Chilongola alisimama na karatasi za mashtaka. Ilinichukua muda kutambua kilichopungua kwake. Hakuwa na leso.

"Ndugu wanakamati," akasema, "nililifungua jambo hili mimi, na mimi nataka kulifunga. Fundi Mrisho alisema anaumwa na umeme. Alipimwa, haikuthibitika. Ningeweza kuishia hapo. Lakini mimi nimeumwa kichwa kila alasiri kwa miaka miwili, nikalisingizia jua. Ofisi yangu imepakana na chumba cha kuoshea. Tangu mtani wangu aibe pipa, sijaumwa, na jua la Tabora ni lile lile." Akakunja karatasi. "Fundi huyu si kupe. Alipatwa kabla yetu kwa sababu alifanya kazi kuliko sisi. Na wewe Yunis, pipa usilirudishe."

Sikulirudisha. Meneja alipostaafu alikuwa bado ananidai, na kwenye hotuba ya kumuaga nilimwambia ahesabu visima kwanza.

Nisiwadanganye kwamba Mrisho alipona kabisa. Taa ndefu hakuzipenda hadi siku ya mwisho, na meza ya kupimia aliikaribia kwa vipindi vifupi, nami nikamalizia. Dawa ilifanya nini, umeme ulifanya nini, na hofu ya kuitwa mwongo ilichangia kiasi gani, sijui, na daktari hakujua. Pua yangu ilififia miaka iliyofuata. Mmenikuta nanusa mota mkadhani natambua; kwa miaka mingi nilikuwa nasoma rangi ya nyaya na kunusa kwa heshima ya Mrisho tu. Mkinunua pipa jipya, someni maandishi yake, na kama yamefutika msilifungue. Na mwezi uliopita nilipopita kuwasalimu niliona dirisha la nyuma mmelifunga kwa ajili ya vumbi. Lifungueni. Magunia mabichi yapo.

Jambo moja nimeliacha makusudi nyuma. Baada ya kamati, Mrisho alirudi kazini akiwa na jina lake safi, lakini alikuwa mkimya. Nilimtania, akatabasamu tu. Nikaogopa kwamba tumemponya mikono tukampoteza mwenyewe. Mvua zikaja, zikanyesha, vumbi likalala. Siku moja nimeinama juu ya dinamo ya Kigwa, meno yameuma uzi, nikasikia sauti kutoka dirishani.

"Yunis. Ulisema nirudi kwetu nikaangue nazi, mnazi hauna nyaya."

Nikainua uso. Ilikuwa imepita miezi.

"Nimeifikiria sana. Nikiondoka, nani atawafundisha Wanyamwezi kuzima taa ya umeme bila kuipuliza?"

Karakana nzima ilicheka. Mimi niliweka uzi chini, nikatoka nje nikalia kwa furaha, kisha nikarudi kumtukana.